Mashine Haijafa, Imekosa Mkalimani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa, na daftari liko mkononi. Walio nyuma na wasogee karibu na redio. Somo letu la leo ni la kompyuta. Kama kikundi chenu kina kompyuta, au mnachanga fedha ili mnunue, sikilizeni vizuri, maana habari hii yaweza kuwaokolea fedha yenu.

Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Kiko kikundi kimoja cha wakulima wa karoti na kabichi, huko juu ya Lukozi. Wana desturi ya kuweka na kukopa. Kila wiki mtu huleta akiba yake, mwandishi huiandika, na mwisho wa mwaka wanagawana. Zamani hesabu zao zilikuwa katika daftari. Kisha mwenyekiti wao, mama mmoja mtu mzima, akawashauri wanunue laptopu iliyokwisha kutumika, ili hesabu zikae humo. Wengine walinung'unika, lakini mwisho wakakubali.

Mfumo uliokuwa ndani ya mashine ile, yaani ile programu kubwa inayoendesha kompyuta nzima, ulikuwa wa wizi. Mtu aliunakili bila leseni, na virusi vikaingia. Basi wakaniita, wakasema, "Mwalimu, tumesikia uko mfumo wa bure ambao si wa wizi. Tuwekee huo." Zilikuwa zimebaki siku 10 kufika siku ya mgawo.

Nilipanda na flashi mbili. Katika flashi ya kwanza nilinakili hesabu zao zote. Hilo nilifanya vema. Katika flashi ya pili nilikuwa na mfumo huria uitwao Ubuntu. Nilipoiwasha mashine kwa flashi hiyo, kioo kilikuwa cheusi. Najua dawa ya haraka ya jambo hilo, nikaitumia, picha ikaja. Nilipoulizwa habari za mtandao, sikuona waifai yo yote, nikapita tu bila kujali. Nikafuta mfumo wa zamani, nikaweka mpya. Hapo ndipo nilipokosea.

Mashine ilipozimwa na kuwashwa tena, taa iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kikawa cheusi kabisa. Kijana mmoja fundi aliyekuwa akipita akatazama, akasema, "Hii imeungua. Niuzieni, nitaitoa vipuri." Bei aliyotaja haikufika hata robo ya ile waliyonunulia.

Yule mama mwenyekiti akanivuta kando. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kama mashine imekufa, nieleze leo. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watu, na fedha ile ni yao."

Ndugu zangu, mashine haikuwa imekufa. Na sasa nitawaeleza jinsi nilivyojua.

Fikirini siku ya gulio. Mzee ameshuka kutoka kijijini na magunia yake ya karoti. Yeye anajua Kisambaa tu. Mnunuzi amepanda kutoka Mombo na lori lake. Yeye anajua Kiswahili tu. Mzee ana mali, mnunuzi ana fedha, wote ni wazima wa afya, lakini biashara haiendi. Je, tuseme mzee ni mgonjwa? La! Mwiteni mjukuu wake anayejua lugha zote mbili, asimame katikati. Mara moja biashara itakwenda.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna vyombo vingi: kile cha picha, kile cha sauti, kile cha waifai. Kila chombo kina lugha yake, aliyoipanga mtengenezaji wake. Mfumo nao una lugha yake. Kati yao lazima awepo mkalimani. Mkalimani huyo ni programu ndogo iitwayo kiendeshi. Andikeni neno hilo: ki-e-nde-shi. Kiendeshi kikikosekana, chombo kizima kabisa hukaa kimya kama kilichokufa.

Sasa mtauliza, kwa nini mfumo wa bure ukose wakalimani? Sababu ni hii. Watengenezaji wengine wa vyombo hutoa maelezo ya lugha ya vyombo vyao, na wengine huyaficha. Ikiwa yamefichwa, wale wanaotengeneza mfumo huria hulazimika kubahatisha, au kungoja mpaka mtengenezaji mwenyewe atoe kiendeshi chake.

Shida hiyo ni ya siku nyingi, tena ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa programu huria. Yapata mwaka 1980, huko Marekani, katika chuo cha MIT, mtu aitwaye Richard Stallman alitaabishwa na mashine ya kuchapa ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake. Alitaka kuirekebisha programu yake, ili kila karatasi inapokwama watu wapate habari. Lakini mashine ilikuja bila maandishi ya programu hiyo. Akamwendea mtu aliyekuwa nayo katika chuo kingine, akamwomba. Yule akakataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutompa mtu ye yote. Mwaka 1983 Stallman akatangaza kazi ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, akatoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini akaleta Ubuntu, jina ambalo maana yake ni utu. Na mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kazi iitwayo Kilinux, ya kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Kazi hiyo ikatoa programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, iliyoitwa Jambo OpenOffice.

Basi, turudi Lukozi kwenye kioo cheusi. Shikeni hatua hizi, moja baada ya moja.

Hatua ya kwanza: pata picha. Mashine inapoanza kuwaka, shikilia kitufe cha Shift. Katika mashine za miaka ya karibuni, bonyeza Esc. Itatokea orodha fupi. Bonyeza herufi e. Utaona mistari mingi. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Nenda mwisho wa mstari huo, acha nafasi, uandike neno moja: nomodeset. Kisha shikilia Ctrl na kubonyeza x. Neno hilo linaiambia mashine, "Usijaribu ufundi mkubwa wa picha, onyesha picha ya kawaida tu." Nilifanya hivyo, picha ikaja. Yule mama akasema, "Kumbe inaona!" Lakini fahamuni kuwa dawa hii ni ya mara moja. Ukizima na kuwasha tena, giza litarudi mpaka kiendeshi cha picha kipatikane. Kwenye flashi ya Ubuntu, dawa hii imewekwa tayari katika orodha ya mwanzo, kwa maneno safe graphics.

Hatua ya pili: uliza jina. Hii ndiyo hatua kubwa ya somo letu. Usiseme tu, "Waifai haifanyi kazi." Chombo hicho kinaitwaje? Nani alikitengeneza? Mganga hatoi dawa kabla ya kumjua mgonjwa. Fungua dirisha liitwalo Terminal, uandike herufi hizi kwa uangalifu: lspci, acha nafasi, weka kistari kifupi, kisha herufi k. Yaani lspci -k. Bonyeza Enter. Mashine itataja vyombo vyake kimoja kimoja. Chini ya chombo kilicho na mkalimani, utaona maneno Kernel driver in use, na jina la kiendeshi. Kama maneno hayo hayapo chini ya kile cha waifai, umekwisha kumpata asiye na mkalimani. Kwa vyombo vinavyochomekwa kwa waya, andika lsusb. Nakili jina lote daftarini, pamoja na tarakimu zake. Ukimwuliza fundi wa mbali kwa simu, ndilo atakalotaka kulijua kwanza. Vyombo vya waifai vya Broadcom, kwa mfano, vinajulikana tangu zamani kwa taabu hii, na dawa yake inajulikana pia.

Lakini kabla hujasema kuwa kiendeshi hakipo, tazama kwanza kama mtu hajabonyeza kitufe cha kuzima waifai pembeni mwa mashine. Limewapata watu wengi jambo hilo.

Hatua ya tatu: leta mkalimani. Hapa nilikutana na fundo. Kiendeshi cha waifai kilikuwa kwenye mtandao, na mtandao haupatikani bila waifai. Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Basi nilichomeka simu yangu kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia. Katika mipangilio ya simu nikawasha mahali palipoandikwa USB tethering. Kompyuta ikaiona simu kama waya wa mtandao. Mlango ukafunguka! Nikafungua sehemu iitwayo Additional Drivers, yaani viendeshi vya nyongeza. Ikanionyesha viwili: kimoja cha picha, kimoja cha waifai. Nikavichagua vyote viwili. Mashine ikaniomba nibuni neno la siri, nikaliandika, kisha nikazima na kuwasha.

Ukatokea ukurasa wa buluu wenye Kiingereza kingi. Sikuusoma. Ulikaa kidogo tu, ukajiondoa wenyewe. Nikatazama: waifai haipo! Watu wakanitazama mimi.

Hatua ya nne, basi, ni kuusoma ukurasa wa buluu. Kompyuta nyingi zina bawabu aitwaye Secure Boot. Yeye huzuia mfumo au kiendeshi asichokijua saini yake. Ukurasa ule ndipo bawabu anapouliza, "Mgeni huyu ni wako?" Ukikaa kimya, humfungia mlango. Nikarudia kazi. Ukurasa ulipotokea, nikachagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, nikaandika lile neno la siri. Safari hii kioo kilikuja bila dawa, na majina ya waifai yakatokea juu pembeni.

Liko jambo jingine dogo la kukumbuka. Wakati mwingine kiendeshi kipo, lakini chombo chenyewe kinangoja programu yake ya ndani, ambayo mfumo hukipa kila kinapowaka. Watu wa mfumo uitwao Debian walikuwa hawaiweki katika flashi yao ya kawaida ya kuanzia, kwa sababu si huria. Mwaka 2022 walipiga kura, wakakubali kuiweka, na toleo lao la 12, la Juni 2023, likatoka nayo. Kwa hiyo, kama unatumia flashi yenye toleo la zamani, jaribu kwanza toleo jipya. Huenda taabu yako ikaisha hapo.

Jioni ile tulirudisha hesabu kutoka katika flashi. Mwandishi akasoma jina baada ya jina, na yule mama akalinganisha na daftari la zamani, kidole kikifuata mstari. Zililingana. Aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, siku nyingine uanze kwa kujaribu, halafu ndipo ufute." Alisema kweli. Flashi ya Ubuntu inaweza kuendesha kompyuta bila kufuta kitu, kwa kuchagua Try Ubuntu. Ningefanya hivyo, nikatazama picha, sauti na waifai, nikauliza majina mapema, taabu ile yote ningeiona kabla ya kuugusa mfumo wa watu.

Sasa andikeni daftarini:

1. Nakili kwanza mali ya watu.
2. Jaribu kabla ya kufuta.
3. Chombo kisichofanya kazi, uliza jina lake.
4. Simu na waya wake vinaweza kuleta mtandao.
5. Ukurasa usiouelewa, usiupite. Mwite anayeweza kuusoma.

Na haya ndiyo maswali ya kuzungumza katika kundi lenu baada ya kipindi. Kiendeshi ni nini? Kwa nini mfumo huria hukosa viendeshi vya vyombo vingine? Kama fundi akiwaambia, "Mashine imekufa, niuzieni," mtamwuliza nini kabla ya kukubali? Swali hilo la mwisho kila mtu alijibu kwa sentensi mbili, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Haya, ndugu zangu, saa yetu imekwisha. Kwa herini, mpaka somo lijalo.