Mtoto Asiyeacha Kuugua: Jeni Zinazoshona Kinga ya Mwili

Hotuba kwa wazazi na wahudumu wa afya ya jamii, mitaa ya Eastlands

Najua wengine mmefunga vibanda Kayole, Umoja na Dandora ili mje hapa, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja katika jambo lililotuleta.

Kuna swali tunaloulizwa kliniki: "Daktari, huyu mtoto ana nini? Nimonia imemlaza mara tatu mwaka huu, sikio linatoa usaha, uzani haupandi. Amepimwa virusi vya UKIMWI, hana." Mara nyingi jibu ni la kawaida: moshi wa jiko, msongamano wa nyumba, lishe duni, pumu au kifua kikuu. Lakini kwa watoto wachache, mwili wenyewe umezaliwa bila uwezo wa kutengeneza kinga. Leo tuwazungumzie hao wachache, kwa sababu mtoto wa aina hiyo anaweza kuzikwa bila mtu kujua alichougua.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na seli nyeupe za damu aina ya B. Kila aina hushika kiini chake cha ugonjwa, kama ufunguo na kufuli lake. Viini ni vingi mno, kwa hivyo mwili unahitaji kingamwili za mamilioni ya aina. Lakini jeni zetu za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu. Hayo mamilioni yanatoka wapi?

Aliyefumbua fumbo hilo ni Susumu Tonegawa, mwanasayansi Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi, miaka ya 1970. Mwaka wa 1987 alipewa Tuzo ya Nobel. Alichogundua, fundi cherehani wa Gikomba angekielewa mara moja. Fundi huyo huchukua mitumba, akakata mkono wa shati hili, mfuko wa jinzi ile na kola ya koti, akashona pamoja, akapata vazi ambalo hakuna mwingine analo. Seli B ikiwa ingali kwenye uboho wa mfupa hufanya hivyo hivyo na DNA yake. Kwa sehemu moja tu ya kingamwili ina vipande kama 40 vya kundi la kwanza, 23 vya kundi la pili na 6 vya kundi la tatu. Huchagua kimoja kwa kila kundi. Hapo pekee pana michanganyiko zaidi ya 5,000. Ongeza sehemu ya pili ya kingamwili, na mabadiliko madogo yanayotokea penye mshono, mamilioni yanapatikana.

Makasi ya kazi hii ni jeni mbili, RAG1 na RAG2. Lakini kitambaa kilichokatwa bado si nguo, lazima kishonwe. Wanaoshona ni jeni za kukarabati DNA, zile zile zinazounganisha DNA inapokatika kwa miale. Mojawapo ni Artemis, iliyotambuliwa na watafiti nchini Ufaransa mwaka wa 2001. Kazi yake ni kufungua ncha zilizojikunja baada ya kukatwa ili zipate kuunganishwa. Ikiwa na kasoro, makasi hukata lakini sindano haishoni. Seli B hazikomai, na seli T, ambazo hutegemea mshono huo huo, hazikomai pia. Mtoto hubaki bila kinga, na asipotibiwa kwa kawaida hufariki akiwa bado mchanga.

Jeni nyingine huitwa ATM, na siyo ile ya kutolea pesa. Mtoto mwenye kasoro hapo huanza kutembea, kisha huyumba; mishipa myekundu hujitokeza machoni, wengi huugua kifua mara kwa mara, na hatari ya saratani ya damu huwa kubwa. Kwa kuwa miili ya watoto hawa haiwezi kukarabati DNA vizuri, eksirei wapigwe pale tu inapohitajika kweli.

Sasa niseme na akina baba, na akina nyanya pia. Kasoro hizi za Artemis na ATM hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe ni wazima. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25. Hakuna aliyeroga, wala mama hakukosea. Msimfukuze kwa kuzika mtoto wa pili.

Tuangalie nini? Nimonia mara mbili au zaidi kwa mwaka. Sikio mara nne au zaidi kwa mwaka. Utando mweupe mdomoni usiokwisha, kuhara kusikokoma, uzani usiopanda. Kidonda cha chanjo ya BCG kinachopanuka, au tezi za kwapa zinazovimba. Na kubwa zaidi: ndugu aliyefariki akiwa mchanga kwa maambukizi. Ukiwa na historia hiyo, mwambie muuguzi kabla mtoto hajachanjwa. BCG na matone ya polio, zinazotolewa mtoto anapozaliwa, zina viini hai vilivyodhoofishwa, ambavyo kwa mtoto asiye na kinga vinaweza kuleta ugonjwa.

Msinielewe vibaya. Msiache chanjo! Mtoto wako mzima akichanjwa, anamkinga pia yule wa jirani asiye na kinga.

Beba kijitabu cha mama na mtoto, nenda kituo cha afya, uliza kuhusu hesabu ya seli nyeupe katika kipimo cha kawaida cha damu. Seli aina ya limfosaiti zikiwa chache mno kwa mtoto mchanga, omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Matibabu yapo: dawa za kuzuia maambukizi, kingamwili zinazotokana na damu ya wachangiaji, na kwa wengine kupandikizwa uboho, ingawa gharama yake ni kubwa. Haya yote hufaa zaidi mtoto akitambuliwa mapema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahudumu wetu, mkipita nyumba hadi nyumba, ulizeni swali moja zaidi: "Mama, kuna mtoto uliyempoteza?" Ulizeni kwa upole, kisha msikilize.