Mizani ya Ufuoni: Usawa ni Nini, Dhuluma ni Nini

(Hotuba kwa wanaharakati na waumini, Usenge)



Tumeombwa kufafanua maneno tunayoyatamka kila siku: tofauti, usawa, kushirikishwa na dhuluma. Hatutayatafuta katika kamusi. Yapo hapa ufuoni.

Mashua zinapofika alfajiri, bei ya omena ni moja kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kwa mtazamo wa haraka, huo ni usawa. Lakini mashua na nyavu, kwa sehemu kubwa, ni za wanaume. Wachuuzi wengi ni wanawake, na wengi wao ni wajane. Tofauti hiyo pekee si kosa. Kosa huanza samaki anapoadimika, mwenye mashua akachagua nani auziwe, na wengine wakadai mwili wa mama kabla ya fedha zake. Mnalijua jina lake: jaboya. Wapo wanaoyaita mapatano. Sisi mawakili tunauliza, asiyeweza kukataa amepatana na nani? Hiyo ndiyo dhuluma. Wala haihitaji mtu katili. Yatosha utaratibu unaompa mmoja uwezo wa kukataa na kumnyima mwenzake.

Sheria nayo ililala. Kifungu 2A, kilichotufunga katika chama kimoja tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991, tukashangilia. Lakini kifungu 82 cha Katiba ile, kilichokataza ubaguzi, kilitaja kabila na rangi pasipo kutaja jinsia hadi 1997. Na hata baada ya hapo ndoa na urithi viliachwa nje ya katazo hilo. Vyama vikawa vingi, mjane akabaki alipokuwa.

Katiba ya 2010, kifungu 27, inakataza ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa, tena inaiagiza Serikali imwinue aliyebaguliwa. Kumbe usawa si kugawa sawasawa tu. Huko Nduru, Kaunti ya Kisumu, wanawake walipata mashua zao mwanzoni mwa miaka ya 2010. Bei haikuguswa, aliyebadilika ni mwenye mashua. Mafuriko ya 2020 yaliwarudisha nyuma, ila njia ilikwisha kuonekana.

Kuhusu kushirikishwa, kanuni za 2007 zilitaka wanawake wawemo katika kamati za usimamizi wa fuo. Kuwamo ni mwanzo tu, ikiwa mama anaitwa kuchemsha chai uamuzi ukiwa umekwisha kukatwa. Bunge lenyewe halina la kujivunia: Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili ya jinsia. Halikuvunjwa.

Someni Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao, na sheria ikabadilishwa. Hawakuja kuomba huruma.

Basi kamati ya ufuo itakapoitisha mkutano, njooni na madai yaliyoandikwa: mauzo yafanywe hadharani kwa zamu, na malalamiko ya wanawake yasikilizwe na wanawake. Tutayaandika pamoja nanyi, bila malipo.