Baki la Mwezi



Jioni ya tarehe 29 Shaabani watu hutoka kuutazama mwezi. Ukiandama, kesho ni kufunga. Usipoandama, Shaabani hutimizwa siku 30. Ubishi wa mwezi wa wapi ufuatwe sitauingilia. Nina shughuli na ile kalenda ya hesabu tupu, waliyoitunga wanafalaki ili wapange tarehe za miaka mingi bila kumsubiri mtu apande kilimani. Humo, katika kila miaka 30, miaka 11 huwa mirefu, yenye siku 355. Ile 19 iliyobaki huwa na siku 354. Kwa nini 11? Kwa nini isiwe 10, tukapumzika?

Miezi 12 ya mwandamo huchukua wastani wa siku 354.367056. Ugomvi wote uko kwenye hiyo 0.367056. Gawa 1 kwa baki hilo: unapata 2 na desimali. Iweke 2 kando, kisha gawa tena 1 kwa hiyo desimali: 1 na desimali nyingine. Ukiendelea hivyo unapata 2, 1, 2, 1, 1, 1 na kuendelea. Zipange namba hizo kila moja ndani ya asili ya mwenzake; hiyo ndiyo sehemu inayoendelea. Ikate baada ya kila hatua, nayo inakupa 1/2, 1/3, 3/8, 4/11, 7/19, 11/30. Kila moja inalikaribia baki kuliko sehemu nyingine yoyote ambayo asili yake haizidi ya kwake. Hiyo 11/30 hupotea siku moja kwa zaidi ya miaka 2,500.

Na 3/8 haikutupwa. Sultan Agung alipoleta kalenda ya mwezi kisiwani Java mwaka 1633, iliwekwa mizunguko ya miaka 8, mirefu ikiwa 3. Sehemu hiyo hupotea siku moja kwa miaka kama 126, nao Wajava hupunguza siku moja kila miaka 120. Mfano huu naupenda kuliko yote nitakayowapa leo.

Sasa nije kwenye kazi inayonipa ugali. Mjerumani Richard Dedekind, akifafanua vipande vya maandishi alivyoviacha Bernhard Riemann, alikutana na jumla ya ajabu. Tuchukue 11 na 30 zetu. Shika namba yoyote kuanzia 1 hadi 29. Igawe kwa 30, toa nusu. Namba hiyohiyo izidishe kwa 11, ondoa 30 zote zinazotoka, baki ligawe kwa 30, toa nusu. Zidisha majibu hayo mawili. Fanya hivyo mara 29, ujumlishe. Jibu, yaani jumla ya 11 kwa 30, ni 13/90, na mkono umeshauma.

Dedekind alionyesha kwamba jumla ya 11 kwa 30 na ile ya 30 kwa 11 zikiwekwa pamoja hutoa kanuni fupi. Na mbele ya 11, 30 ni sawa na baki lake, 8. Basi tunashuka: 30, 11, 8, 3, 2, 1. Kugawa kumetupa 2, 1, 2, 1, 2: zile 1 mbili za mwisho za 11/30 zimeungana kuwa 2, nayo 7/19 imerukwa. Pishanisha alama: 2 − 1 + 2 − 1 + 2 = 4. Hatua ni 5, yaani witiri, kwa hiyo toa 3. Zingekuwa shufwa usingetoa 3 hiyo. Ongeza 11/30, kisha 11/30 nyingine, ambayo 11 yake ni asili ya 4/11, sehemu iliyotangulia. Zimelingana kwa sababu 2, 1, 2, 1, 2 husomeka vilevile kutoka pande zote mbili. Gawa kwa 12. Ni 13/90.

Ninyi wanafunzi wangu mliojibanza karibu na mlango: Jumatatu nileteeni jumla ya 7 kwa 19. Hatua ni 4, na hapo sehemu ya mwisho hutolewa badala ya kuongezwa. Atakayejumlisha moja moja hadi 18 nitamjua kwa macho mekundu.