Nchi Jirani: Mtihani wa Uwakili Tanzania

Matokeo ya mtihani wa uwakili yaliyotangazwa nchini Tanzania mwezi wa Oktoba 2022 yalizusha mabishano makali miongoni mwa wanasheria na wananchi wa kawaida. Kati ya watahiniwa 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, jijini Dar es Salaam, waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia mtihani wa baadhi ya masomo, na 265 waliondolewa masomoni kabisa.

Habari hii yaweza kudhaniwa kuwa ya mawakili peke yao. Sivyo. Mpelelezi hukusanya ushahidi kwa miezi, akikesha na kuhatarisha maisha. Hati ya mashtaka ikiandikwa ovyo, mhalifu hutoka mahakamani akicheka. Kadhalika, mtu asiye na hatia akitetewa na wakili asiyejua kuhoji shahidi, huenda akafungwa kwa kosa asilolitenda. Kwa miaka mingi askari polisi wenyewe ndio waliosimamia mashtaka katika mahakama za chini za Tanzania, kama ilivyokuwa hapa Kenya. Kazi hiyo ilipoanza kuhamishiwa kwa mawakili wa serikali, haja ya wanasheria waliofuzu iliongezeka katika nchi zote mbili.

Wengi walishika hesabu ya wanne katika kila mia, wakasema mtihani umekusudiwa kuwaangusha watu. Hesabu hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Wale 342 hawakufukuzwa. Walibakiwa na nafasi ya kurudia masomo waliyoshindwa. Hesabu inayostahili kuwasumbua wenye madaraka ni ya wale 265, yaani zaidi ya wanne katika kila kumi. Hao wote walikuwa na shahada za sheria kutoka vyuo vikuu vinavyotambuliwa na serikali. Wazazi walikuwa wamelipa ada, wengine kwa kuuza mali, na kila mmoja wao alikwisha kuambiwa na chuo chake kwamba sheria anaijua.

Wapo waliotaka alama za kufaulu zipunguzwe. Kuruta akikosa shabaha, shabaha haisogezwi karibu ili aipate. Lakini ni kweli pia kwamba kombania nzima ikikosa, mkufunzi mwenye busara hukagua bunduki, tena hujikagua mwenyewe, kabla ya kuwakemea kuruta. Serikali ya Tanzania ilitambua hivyo. Waziri wa Katiba na Sheria, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyewahi kuishika wizara hiyo hiyo, ichunguze kiini cha matokeo hayo.

Hapa Kenya, Chuo cha Sheria hufundisha, na Baraza la Elimu ya Sheria ndilo linalotahini. Mpango huo haujawaondolea watahiniwa wa Kenya malalamiko, wala haukutarajiwa kufanya hivyo. Faida yake ni kwamba mwalimu hajihukumu mwenyewe. Taasisi ya Dar es Salaam mwaka ule ilifundisha na kutahini pia. Anayefeli katika hali hiyo hawezi kujua kwa yakini kama kosa ni lake au ni la aliyemfundisha, na hata taasisi yenyewe, ikiwa imetenda haki tupu, hupata taabu kuithibitisha.

Kuna na suala la lugha, ambalo pengine ndilo zito kupita yote. Mtoto wa Mtanzania katika shule ya serikali husoma miaka yake ya msingi kwa Kiswahili, kisha hutumbukizwa katika Kiingereza cha sekondari na cha chuo kikuu. Wengi huvuka kwa kukariri. Mtihani wa uwakili haukubali kukariri: humpa mtahiniwa mgogoro wa mteja na kumtaka aandike hati ya madai kwa maneno yake mwenyewe, katika lugha ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani wala sokoni.

Mapema mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka mmoja na nusu baadaye, watahiniwa wale 633 waliulizwa maswali yao kwa Kiingereza.