Mwezi Mmoja Katika Theluji: Upigaji Picha wa Mandhari Kisiwani Hokkaido

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumzie mwezi wa Februari 2018, ambao niliupitisha katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani, nikijifunza kupiga picha za mandhari wakati wa baridi. Wapo waliouliza mtu wa Unguja ana haja gani na picha za theluji. Suala hilo ni la haki, na kwa idhini yenu nitalijibu kwa mzunguko.

Hokkaido ni kisiwa kikubwa. Eneo lake linapindukia kilomita za mraba 77,000, yaani zaidi ya mara arobaini ya Unguja. Theluji yake huletwa na upepo. Bara la Asia linapopoa, hewa nzito ya Siberia huvuma kuelekea baharini, huchota unyevu katika Bahari ya Japani, na ikigonga milima ya kisiwa hicho huutua mzigo wake kwa sura ya theluji. Kupoa huko kwa bara la Asia ndiko pia kunakotuletea sisi upepo wa kaskazi. Manahodha wetu, basi, walisafiria baridi hiyo miaka na miaka bila ya kuiona theluji yenyewe. Katika mji wa Asahikawa, tarehe 25 Januari 1902, kipimo kilishuka hadi nyuzi 41 chini ya sifuri. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba sikuwapo.

Mpigapicha anayefika huko kwa mara ya kwanza hudanganywa na kamera yake. Mizani ya mwanga iliyomo ndani ya kamera hudhani kwamba dunia yote ina rangi ya wastani. Ikielekezwa kwenye theluji huupunguza mwanga, na picha hutoka ya kijivu kama jivu la mekoni. Dawa yake ni kuongeza mwanga mara mbili, hata mara nne, ya kile ambacho kamera imeamua. Betri nazo hufa mapema kwa baridi, hivyo ile ya akiba hubebwa mfukoni, karibu na mwili. Hatari kubwa zaidi iko mlangoni. Kamera iliyotoka baridini ikiingizwa ghafla katika nyumba yenye moto, hujaa umande hadi ndani ya lenzi. Huna budi kuifunga kwanza katika mfuko wa nailoni, wa aina ile ile tuliyoipiga marufuku hapa kwetu, na kuiacha ipate joto taratibu.

Mchana wa mwezi huo ni mfupi: jua huchomoza karibu na saa moja na mwanzoni mwa mwezi hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Lakini halipandi juu sana, na kivuli cha kila kitu huwa kirefu, jambo ambalo kwetu tunalipata asubuhi na jioni tu.

Katika kijiji cha Tsurui lipo daraja liitwalo Otowa. Watu husimama juu yake tangu alfajiri wakiwatazama korongo weupe wenye utosi mwekundu, ambao hulala wamesimama katika maji ya mto Setsuri yasiyoganda, huku mvuke ukiwafunika. Mwaka 1952 ndege hao walihesabiwa 33 tu. Wakulima walianza kuwatupia mahindi wakati wa baridi, na leo idadi yao imepindukia elfu moja na mia tano. Kila picha nzuri ya korongo iliyopigwa pale inadaiwa na mkulima fulani punje zake za mahindi.

Sehemu iliyonishughulisha zaidi ni Biei. Ni nchi ya vilima vya viazi na ngano, iliyopata umaarufu kwa picha za Maeda Shinzo, ambaye mwaka 1987 alifungua nyumba ya maonyesho katika skuli iliyokwisha kufungwa. Hapo palikuwa na mti mmoja ulioinama, ukiitwa Mti wa Falsafa kwa jinsi ulivyofanana na mtu aliyezama katika fikra. Wageni walikuja kwa mamia. Waliingia shambani bila ya ruhusa, na viatu vyao vingeweza kubeba maradhi ya mimea kutoka shamba moja hadi jingine. Mbao za kukataza ziliwekwa, hazikufaa kitu. Mwezi wa Februari 2016 mwenye shamba aliukata mti huo, ambao pia ulikwisha kuzeeka. Mimi nilikuta theluji tupu. Mwezi wa Januari 2025, huko huko Biei, safu ya miti ipatayo arobaini yenye magome meupe ilikatwa pia, kwa sababu ya msongamano wa wageni na kivuli kilichoangukia mazao.

Nilisimama pale kwa muda, nikamkumbuka mama mmoja mkulima wa mwani wa pwani ya mashariki. Nilimpiga picha wakati wa bamvua, ameinama kati ya kamba zake, na picha ikatoka katika kalenda. Alikuja ofisini na kalenda mkononi. Nilidhani amekuja kudai fedha. Akasema: “Mwanangu, kanga ile ni ya kuingilia pwani, si ya kutizamwa na watu. Ungeniuliza, ningelijitanda nyingine.” Sikuwa na jawabu, na kalenda zilikwisha kugawiwa.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, picha zinazoletwa kwa ajili ya kuchapishwa katika ukurasa huu zitapokelewa, kuanzia toleo lijalo, zikiwa na maelezo ya mahali zilipopigwa, jina la mwenye shamba au mwenye nyumba, na kama aliyemo ndani yake aliombwa ruhusa akakubali. Zisizokuwa na maelezo hayo zitarejeshwa kwa wenyewe, zikiwemo za watumishi wa ofisi yetu.

Sasa naomba taa zizimwe tuzitazame picha zenyewe. Ya kwanza ni ya daraja la Otowa. Kile cheusi kilicho pembeni si ndege. Ni kidole cha glavu yangu.