Wimbo Uliokosa Jina

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia kwamba nizungumze juu ya "jambo lolote lenye manufaa", nadhani ilitegemea nieleze habari za utumishi wa umma. Lakini nimekaa ofisini miaka ya kutosha kujua kwamba habari za mafaili hazimwamshi mtu aliyekwisha kula pilau. Kwa hiyo nitazungumza juu ya muziki, hasa juu ya kipande kimoja kinachofungua santuri ya bendi ya Waingereza iitwayo Pink Floyd. Santuri hiyo, Atom Heart Mother, ilitoka Oktoba 1970, na kipande chenyewe kina jina hilo hilo. Kinajaza upande mzima wa kwanza, zaidi ya dakika 23, wala hakina mashairi. Kwaya imo, lakini inatoa sauti tu.

Nilikisikia mara ya kwanza nikiwa Mlimani, katika kaseti ya mwenzangu wa bweni. Matarumbeta yalipoanza niliinuka kitandani. Mimi nilipuliza tarumbeta katika bendi ya shule hii miaka minne, na nikataka kujua ni nani aliyewaandikia wapulizaji wale sehemu zao.

Mpiga gitaa David Gilmour alikuwa na mfuatano wa kodi chache. (Ndugu wafanyabiashara msishtuke, ndivyo wanamuziki wanavyoziita sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja.) Wenzake waliona unafanana na muziki wa zile sinema za Marekani za wachunga ng'ombe, farasi wakitimua vumbi. Wakaanza kuupiga majukwaani mapema mwaka 1970, wakiongeza hiki na kupunguza kile. Jina halikuwapo, ila la mzaha tu: The Amazing Pudding. Kipande kikarefuka, lakini wenyewe wakaona bado kimepungukiwa na kitu.

Walipoingia studio ya EMI, Abbey Road, kulitokea jambo ambalo watumishi wenzangu watalielewa mara moja. Studio ilikuwa imepata mitambo mipya ya kurekodia na kanda pana, na uongozi ukaamuru kanda hizo zisikatwe wala kuungwa. Basi Nick Mason wa ngoma na Roger Waters wa besi wakalazimika kupiga msingi wa kipande chote kwa mkupuo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Vijana wa bendi mnaonisikiliza mnajua dakika tano za gwaride zinavyochosha. Hizo zilikuwa 23. Mwendo ukayumba, mara unakimbia, mara unalegea, na mwenye sikio husikia hivyo hadi leo. Hayo ndiyo matunda ya agizo moja la ofisini!

Kanda hiyo yenye kuyumba akakabidhiwa Mskoti mmoja, Ron Geesin, rafiki yake Waters. Bendi ikaenda zake ziara Marekani. Geesin akabaki London akiandika nota za matarumbeta, za selo na za kwaya juu ya msingi ule. Richard Wright wa kinanda alimsaidia upande wa kwaya, na Gilmour alimpa mawazo mawili matatu. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka kichwani mwa Geesin.

Mwezi Juni wapulizaji wa kukodiwa waliletwa studio. Walikuwa mafundi wakongwe, na mbele yao akasimama mtu asiye na uzoefu wa kuongoza okestra. Wakamtia majaribuni kwa maswali ya kejeli, hata nusura amrukie mmoja wao. Fimbo akapewa John Alldis, kiongozi wa kwaya, naye akaimaliza kazi. Mimi husema Alldis alistahili shukrani, lakini nikifikiria mtu aliyeandika kila nota akisimama pembeni kutazama, roho huniuma.

Tarehe 16 Julai 1970 kipande kilipigwa kwa ajili ya BBC, na mtangazaji alihitaji jina. Geesin akamwonyesha Waters gazeti, akamwambia jina atalipata humo. Waters akaona habari ya mama mmoja aliyewekewa moyoni chombo cha kusaidia mapigo, kiendeshwacho kwa nguvu za atomiki. Hapo ndipo likatoka jina, bila uhusiano wowote na muziki. Jalada nalo liliwekwa picha ya ng'ombe, bila maandishi. Santuri ikashika nafasi ya kwanza Uingereza, mara ya kwanza kwa bendi hiyo.

Geesin hakudhulumiwa kabisa. Ametajwa miongoni mwa watunzi watano wa kipande hicho. Lakini ulizeni mitaani kimetungwa na nani. Baadaye Waters na Gilmour wenyewe walikibeza hadharani, ingawa mwaka 2008 Geesin alipokipiga tena jijini London, Gilmour alipanda jukwaani kumuunga mkono.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Asubuhi ya leo bendi imepiga ile machi ya mahafali, na katika ratiba mliyoishika pameandikwa kwamba mtunzi ni mimi. Ndivyo ilivyochapwa tangu mwaka tuliomaliza. Ukweli ni kwamba mimi nilileta kipande kifupi cha kupigia mluzi, kisichojaza hata nusu dakika. Mwenzetu wa kidato cha nyuma yangu, aliyejua kuandika nota, alikesha wiki mbili akiwaandikia wapulizaji wote, kila mmoja karatasi yake. Mkuu wa bendi nilikuwa mimi, nikapeana mkono na mgeni rasmi, nikanyamaza. Nimenyamaza zaidi ya miaka ishirini.

Yumo ukumbini humu. Nimemwona safu ya nyuma, na sijamwomba ruhusa ya kumtaja, kwa hiyo simtaji. Jina lake nimeliandika kwenye karatasi hii. Ndugu Mwenyekiti, nitamkabidhi yeye mwenyewe baada ya kikao. Akikubali kuipeleka kwa mwalimu wa bendi, naomba ratiba ya mwaka ujao ichapwe upya.