Kishikwambi mezani kwa tabibu

Kabla kishikwambi hakijapelekwa vituo vya tiba vya Laela au Mpui, huku mkoani Rukwa, tuulize jambo moja: tabibu aliye peke yake, na foleni ya akina mama nje, atakimudu?

Kwamba programu za kishikwambi zinazomwongoza tabibu zinasaidia, ushahidi tunao, tena wa humu nchini. Mwaka 2021 na 2022, vituo 40 vya Mbeya na Morogoro vilihusishwa katika utafiti wa ePOCT+, programu inayomwongoza tabibu hatua kwa hatua anapompima mtoto mgonjwa. Ilipotumika, watoto 23 hivi kati ya 100 waliandikiwa antibayotiki. Kwenye vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida, walikuwa 70. Na kupona kwao hakukuwa na tofauti ya kutia shaka.

Huku Ufipa baridi ni kali na vikohozi vya watoto haviishi. Tabibu anatakiwa ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Aliyetimiza mwaka lakini hajafika mitano, akifikisha 40, nimonia inashukiwa. Dakika hiyo haina mjadala, itumike. Kinachomwelemea mtu ni kujaza taarifa zilezile mara mbili, kwenye skrini halafu kwenye vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, jioni, pengine umeme umekatika. Kishikwambi kikiishia kabatini, mimi simlaumu tabibu.

Wizara ya Afya iwaketishe matabibu wa Rukwa na watengenezaji wa programu meza moja, mapema, kabla ya manunuzi. Swali la programu lisilobadili matibabu lifutwe. Taarifa ziingie MTUHA moja kwa moja.